Maji Yanaenda Wapi?

Kila fundi Nairobi ana jibu la gari linalokunywa maji. Wa kwanza atakwambia rejeta imeoza. Wa pili atasema ni gasketi ya silinda hedi. Wa tatu hata hafungui boneti: "Hiyo ni ovaholi, madam." Halafu kuna wale wa dawa za jikoni, wanaopasua yai ndani ya rejeta au kumwaga pilipili ya unga, eti itaziba. Kuhusu Pijo ya Mama, wote walikuwa na jibu. Hakuna aliyeuliza swali lenyewe: maji yanatokea wapi?

Pijo ya Mama ni 504, ile ndefu ya kubebea mizigo. Gari hili lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, likashinda Safari Rally 1975 na tena 1978, likaunganishwa hapa hapa Kenya, na wazazi wetu wakapanda aina yake kama matatu za kwenda mbali. Lakini Mama hana habari na historia. Yeye hupika kwenye harusi na matanga, na sufuria zake kubwa zinaingia nyuma ya hilo gari bila kuondoa hata moja. Bila Pijo anakodi pikapu, na pikapu inakula faida yote.

Sasa gari likawa linapoteza kama lita moja kila akienda Limuru na kurudi. Mshale wa joto unapanda, anasimama kando ya barabara, anangoja, anaongeza maji. Gereji moja ikampigia hesabu ya shilingi 85,000 za kutengeneza hedi. Mjomba akasikia, akatafuta mtu wa kununua gari kwa vipuri. "Dadangu, uza hiki chuma," akamwambia. Mnunuzi alikuwa aje Jumatatu. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Nilimjua: akinyamaza hivyo, ameshaanza kukubali.

Mimi hutengeneza simu pale Luthuli. Kazi yetu ina sheria moja: hubadilishi kitu kabla hujapima. Nikamwomba Mama anipe wikendi.

Hofu ya fundi haikuwa ya bure. Bloku ya injini hii ni chuma, lakini hedi ni alumini, na alumini ikichemka kupita kiasi hupinda. Na hapa Nairobi, kwa vile tuko juu, maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 94, si 100 kama Mombasa. Kinachookoa injini ni mfuniko wa rejeta wenye springi, unaofungia presha ndani ili maji yachelewe kuchemka. Mahali popote panapovuja panapunguza maji na presha pamoja.

Nikaanza na oili. Silinda za injini hii ni mikebe ya chuma iliyosimama ndani ya maji, na chini yake kuna sili. Hizo zikifa, maji hushukia kwenye oili, nayo hugeuka kama chai ya maziwa. Kijiti kikatoka na oili safi. Nikawasha injini ikiwa baridi, mfuniko wazi, nikachungulia: hakuna mapovu. Kwenye ekzosi hakuna moshi mweupe wa kuendelea. Ile gasketi ya 85,000 ikaanza kukosa ushahidi.

Jirani ana pampu ya mkono yenye geji, ile ya kufungwa kwenye mdomo wa rejeta. Tukapampu mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye mfuniko, tukaenda kunywa chai. Baada ya dakika ishirini mshale ulikuwa pale pale. Kumbe injini ikilala haivuji hata tone.

Basi inavuja ikizunguka. Na ni nini kinachozunguka kwenye njia ya maji? Pampu ya maji.

Tatizo ni kwamba alama zote zilikuwa nyuma. Ubavuni mwa injini, karibu na dereva, kulikuwa na ukoko mweupe wa maji yaliyokauka. Fundi alikuwa amenyoosha kidole hapo hapo: "Unaona? Gasketi." Lakini feni iko mbele, imebebwa na pampu yenyewe, na upepo wake unapiga kurudi nyuma. Tone likitoka mbele linaweza kutua popote.

Nikaosha injini, nikaikausha, nikaipaka poda ya mtoto mpaka ikaonekana kama imetoka kusaga unga. Nikaiwasha, nikaiacha ipate moto. Nikafunga simu kwenye kijiti, video imewashwa, nikaipitisha chini ya pampu, mbali na feni. Chini ya pampu kuna kitundu kidogo kilichotobolewa makusudi kiwandani: sili ya ndani ikichoka, maji yatokee hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Kwenye video, tone linajaa, linang'ang'ania, kisha feni inalinyakua. Kwenye poda kukawa na mstari mwembamba unaoelekea nyuma, moja kwa moja hadi kwenye ule ukoko.

Nikazima, nikashika feni na kuitikisa. Ilicheza. Shafti imelegea, ndiyo maana sili ilikuwa inafunga ikitulia na kuachia ikizunguka.

Nikamwonyesha Mama. Akaitazama ile video mara tatu bila neno. Halafu akauliza, "Kwa hivyo ni hiki tu?"

Pampu tuliipata Grogan, pamoja na gasketi yake na kulanti badala ya maji ya mfereji. Zote hazikufika hata 10,000. Tukapanda Limuru, tukarudi, tukangoja ipoe, tukapima: maji yako pale yalipokuwa.

Mjomba bado anasema gari ni zee na litaharibika tena. Ni kweli, litaharibika. Lakini miezi yote ile Mama alikuwa ametajiwa bei tu, hakuna aliyemwonyesha ugonjwa. Mtu asiyeonyeshwa ugonjwa hulipia woga wake, na woga wa Mama ulikuwa umebakisha siku mbili kumpokonya kazi.

Jumatatu mnunuzi alipiga simu. Mama akapokea akiwa anahesabu sufuria. "Pole, haliuzwi," akamwambia, kisha akanigeukia. "Jumamosi kuna harusi Ngong. Uje saa kumi na moja, tupakie."