Barua kutoka Chicago: Daftari la Zamu

Ndugu zangu wa Mlingotini, huku ni mwisho wa Mei, makoti mazito yamerudi kabatini na watu wanatembea kando ya ziwa na watoto wao. Huko najua masika inamalizia, njia ya kuingia kijijini ina madimbwi, na kina mama wa mwani wanalitazama jua kwa mashaka. Hizo zinatosha kuwa salamu. Leo nina hasira, na hasira yenyewe inawahusu ninyi.

Kwenye kundi la ukoo imepita klipu. Mliitazama, sina haja ya kuisimulia yote. Kijana yule fundi wa kupamba, ambaye shughuli haikamiliki bila yeye kufunga vitambaa, kumpaka bibi harusi hina na kuamsha vigelegele, anatolewa vitu vyake nje. Begi la shangazi kaja liko mchangani, zipu imepasuka, na anayerekodi anacheka. Chini ya klipu, watu wazima na heshima zao wakajaza vikatuni vya kucheka. Mmoja wao kijana huyo alimchotea maji mwezi mzima alipovunjika mguu. Nikauliza amekosa nini. Nikajibiwa: anaumwa, na si unajua alivyo.

Ninajua alivyo. Nanyi mmejua tangu alipokuwa mdogo akicheza kombolela na binti zetu. Mlijua siku mlipomkabidhi ukumbi, mlijua mlipomlisha pilau ya mwisho chunguni. Kujua kwenu kumegeuka kosa lake siku alipoanza kukohoa.

Sasa niwaeleze ninayoyaona huku, maana kazi yangu ya kutunza wazee majumbani imenipeleka nyumba ambazo nisingezifikia kwa matembezi. Mmoja wa wazee wangu anakaa Rogers Park, kaskazini kabisa mwa jiji. Anakaribia miaka themanini. Maisha yake yote amependa wanaume, na juu ya hapo ni mtu wa jamii ya ngozi. Hili inabidi nilieleze taratibu.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, vijana wengi wa Kimarekani walirudi wakiwa wamezoea kuishi kwa kikosi, wanaume peke yao, kwa nidhamu na kwa kuaminiana. Baadhi yao walikuwa mashoga. Hawakuweza kusema, na maisha ya kuoa na kukaa kimya yaliwashinda. Wakanunua pikipiki, wakavaa makoti ya ngozi nyeusi na mabuti marefu, wakaunda vyama; hao ndio watu wa ngozi. Mwaka 1954 Los Angeles kikaundwa Satyrs, chama cha waendesha pikipiki ambacho hadi leo hakijafa. Hapa Chicago, mpiga picha aitwaye Chuck Renslow na mwenzi wake Dom Orejudos, mcheza ballet na mchoraji, waliendesha baa iliyoitwa Gold Coast, miongoni mwa baa za mwanzo kabisa za watu hawa nchini Marekani. Mwaka 1979 Renslow akaanzisha mashindano ya International Mr. Leather, na kila mwisho wa Mei wanaume wa ngozi kutoka nchi nyingi wanajaa hotelini mjini. Wiki hii wapo. Nimepanda basi nao: mzee mwenye mvi, koti lake limejaa beji kifuani, amempisha kiti mama mwenye mtoto.

Msidhani walipewa haya kwenye sinia. Illinois, jimbo la jiji hili, lilikuwa la kwanza Marekani kufuta sheria ya kuwafunga mashoga, kuanzia mwaka 1962, lakini kufutwa kwa sheria hakukumfuta askari mlangoni. Baa zilivamiwa, hongo zililiwa, na aliyekamatwa jina lake likitoka gazetini asubuhi hana kazi. Mzee wangu alitoka kijiji cha wakulima wa mahindi akaja mjini katika miaka ya 1970, na hadi baba yake anaingia kaburini hawakusemezana tena.

Najua mnataka kuniuliza ya chumbani. Wana mambo yao, wameyawekea kanuni, na kanuni ya kwanza ni ridhaa: pasipo kukubaliana hakuna kinachofanyika. Zaidi ya hapo si kazi yangu kuuliza wala yenu kudadisi, kama ambavyo hatuulizi ya chumbani kwa jirani yetu mwenye wake watatu.

Ninachotaka mkijue ni kiti cha mpiga kiwi. Mzee wangu alikuwa mpiga kiwi wa baa, kila wikiendi, miaka na miaka. Huko kwetu mpiga kiwi tunampita stendi ya Bagamoyo bila kumsalimia. Kwa watu wa ngozi ni mtu wa heshima. Tangu 1993 ana hata mashindano yake ya kimataifa. Mikono yake sasa inatetemeka, lakini akipata nguvu ananiomba nimletee sanduku lake la mbao la kiwi na mabuti. Kwanza anapangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Kisha sabuni ya ngozi, povu kidogo, anaisugua mpaka kwenye mshono wa soli, mahali ambapo wengi hawafiki. Anaacha likauke. Halafu anachukua mafuta kwa vidole vyake mwenyewe, si kwa brashi, kwa sababu anasema kidole ndicho kinachojua wapi ngozi imeanza kupasuka. Kiwi inakuja mwisho, tabaka jembamba, brashi ya manyoya ya farasi, na kitambaa. Buti moja linamchukua karibu saa nzima. Mabuti yenyewe si yake. Ni ya mwenzi wake aliyekufa kwa UKIMWI mwishoni mwa miaka ya 1980.

Nyakati hizo huku zilikuwa mbaya. Taarifa ya kwanza ya ugonjwa ilitoka Juni 1981, wagonjwa watano wa Los Angeles, na baada ya hapo watu wakawa wanakufa kabla dawa hazijapatikana. Mzee anasimulia kwamba wahudumu wa hospitali waliacha sahani ya chakula sakafuni nje ya mlango, mgonjwa atambae mwenyewe kuifuata. Ndugu wa damu hawakuja. Waliokuja ni wale wanaume wa mabuti. Waligawana zamu: huyu anaogesha, huyu anapika, huyu anakaa usiku, huyu anakwenda kugombana na mwenye nyumba. Baa ambazo jana zilikuwa za starehe zikawa za kuchangisha pesa za kodi na za mazishi.

Mwenzi wake alipofariki, ndugu walitokea. Walikuja na lori, wakachukua kitanda, wakachukua redio, na koti lake la chama wakalitupa kwenye pipa la taka. Mabuti yalisalia kwa kuwa yalikuwa baa, yakisubiri kupigwa kiwi.

Hadithi hiyo ilikuwa ya wengi, na ndiyo maana mwaka 1991 Renslow na mwenzake Tony DeBlase, yule aliyebuni bendera yao ya mistari myeusi na ya buluu yenye moyo mwekundu, walianzisha Leather Archives & Museum. Dom Orejudos alifariki kwa UKIMWI mwaka huohuo, Septemba, na michoro yake ilihitaji pa kukaa. Leo jumba hilo liko hapa Rogers Park, katika jengo lililokuwa sinagogi. Nilimsukuma mzee wangu kwenye kiti cha magurudumu mpaka ndani. Kuna vitu ambavyo sikuvitazama mara mbili, nasema kweli, maana nimelelewa Mlingotini. Lakini nilisimama sana mbele ya makoti. Majina ya vyama, beji za safari, mwaka wa kila safari. Kila koti lina mtu, na kila mtu kuna aliyekataa apotee. Renslow mwenyewe alifariki Juni 2017, miaka 87, na aliagwa kwa majonzi.

Jikoni kwa mzee, kwenye mlango wa friji, limening'inia daftari la zamu. Jumatatu, fulani analeta supu. Jumatano, fulani anampeleka kliniki. Jumamosi, fulani anakuja kumnyoa. Hakuna hata mmoja wa damu yake. Wengine ni wazee kama yeye, wanapanda ngazi kwa kupumzika. Mimi nalipwa kwa saa zangu; wao hakuna anayewalipa.

Na sisi tuna madaftari. Nani katika pwani nzima anatushinda kwa madaftari? Ya kijumbe, ya michango ya harusi, nani alileta doti ya khanga na nani alileta sufuria, ili siku yake irudishwe. Akifa mtu wa ukoo wa mbali, kabla ya saa mbili kupita jamvi limetandikwa, maji ya kuoshea yameletwa, vijana wako makaburini na majembe. Huku natamba nayo kazini. Nawaambia wenzangu kwamba kwetu hafi mtu peke yake. Sasa nitawaambiaje tena, wakati kijana aliyefunga vitambaa vya harusi za nusu ya kijiji hayumo katika daftari hata moja la kurudishiwa?

Tulishapita njia hii jamani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI wa Tanzania walibainika Kagera mwaka 1983. Watu wakauita ugonjwa Juliana, wakasema ni uchawi, wakatenga vikombe na vitanda. Kisha tukajifunza. Tuliuguza shangazi, wajomba, mabinamu, kwa mikono yetu, bila glovu. Mikono hiyohiyo leo imeshika simu inarekodi.

Mtaniambia sheria. Naijua: kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, miaka 30 hadi maisha, na Marekani kwenyewe wako wanaotamani kurudisha za namna hiyo. Mtanikumbusha Oktoba 2018, Paul Makonda akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alipowataka wananchi wampelekee majina ya mashoga. Nami nakumbuka kwamba siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilisema yale yalikuwa maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Nakumbuka pia Februari 2017, Wizara ya Afya iliposimamisha huduma katika vituo 40 vilivyokuwa vikiwahudumia watu hawa. Waliokuwa wakifuata dawa kimyakimya walibaki wanatafuta pa kwenda. Lakini nionesheni kifungu kinachomwamuru mama kutupa nguo za mwanawe mchangani. Nionesheni kinachomzuia jirani kupeleka uji.

Na dini, kwa kuwa najua ndiko mtakakokimbilia. Mimi si mwanachuoni na sitoi fatwa. Madrasa ileile tuliyosoma sote ilitufundisha haki za Mwislamu kwa mwenzake: umtembelee akiugua, ufuate jeneza lake akifa. Mwalimu hakutusomea orodha ya wagonjwa wa kuruka.

Basi fanyeni haya. Klipu ifuteni, na aliyeituma aambiwe na mkubwa wake, maana mtu anaweza kuuawa kwa klipu. Kijana apelekwe kituo cha afya, Bagamoyo au popote atakapopokelewa vizuri, na asiende peke yake. Mwenye ndugu mlangoni hasemeshwi ovyo. Kikohozi kina mambo mengi, kifua kikuu kikiwamo, na kifua kikuu kinatibika. Mmempima kwa macho, mwacheni apimwe kwa damu na makohozi. Ikiwa ni virusi, ARV ni bure, na anayezimeza sawasawa hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake. Kwa wenye vijana nyumbani: tangu 2019 mwenye miaka 15 anaweza kupima bila kuongozana na mzazi, hivyo msiwatishe wakienda. Kijana wetu mpeni kitanda chake na chakula cha chungu kimoja na wengine, kikombe hakiambukizi. Vitu vyake virudishwe ndani, na vile vya kazi, sindano, vitambaa na makopo ya hina, asinyang'anywe, ndivyo vinavyomlisha. Wenye kumdai wasamehe mpaka apone. Tuliopambiwa harusi na yeye, nikiwamo mimi, tuandikane zamu: mmoja uji, mmoja nauli, mmoja wa kukesha naye homa ikipanda. Ya kwangu ni nauli na dawa za nje ya bima, kila mwezi, na nimeshaanza.

Shangazi, wewe nakupenda na unalijua hilo. Mguu wako umepona. Unaweza kutembea mpaka alipo.

Kaka mkubwa, najua barua hii ukiisoma utanipigia kuniuliza kama Marekani imeniharibu. Piga saa mbili usiku kwa saa za huko. Huku itakuwa saa sita mchana na nitakuwa kwenye mapumziko. Nitapokea. Uwe umeshajua amelala wapi jana, ndilo nitakalokuuliza kabla ya salamu.