Kicheko Kilichofungiwa Ofisini

Wako wanaodhani kwamba ushairi na michezo ya kompyuta ni mbingu na ardhi. Mimi siwafuati, maana miaka mingi nimehangaika na kufasiri maneno ya mzaha, nami najua kuwa mzaha, popote uandikwapo, una sharti moja: hautimii mpaka asikie mwengine. Shairi la huzuni laweza kulala sandukuni likabaki shairi. Mzaha usiosikiwa na mtu ni nusu ya kitu.

Ndiyo maana kisa cha Sam na Max hunishughulisha. Sam ni mbwa mpole avaaye suti na kofia. Max ni kiumbe mfano wa sungura, hana nguo wala haya. Walitokea katika kitabu cha katuni cha Mmarekani Steve Purcell mwaka 1987, wakiwa askari kanzu wa kujitegemea wenye ofisi yao. Mwaka 1993 kampuni ya LucasArts ya California ikawatia katika mchezo wa kompyuta. Mchezo huo huanzia ofisini humo: simu ya Kamishna yalia, wawili hao washuka mtaani kupokea amri, kumbe amri yenyewe imo tumboni mwa paka tarishi. Aliyewahi kungoja barua ya mkubwa atacheka, kwani paka huyo anamjua.

Mwaka 2002 LucasArts ilitangaza mchezo mwengine wa mabwana hao, kiongozi wa kazi akiwa Mike Stemmle. Kazi ikaenda mbali. Tarehe 3 Machi 2004 ikasimamishwa, na sababu iliyotolewa ni hali ya soko na mazingatio ya uchumi. Amri hii haikutoka tumboni mwa paka, wala hapakuwa na cha kuchekesha ndani yake.

Nami ninayo barua ya jamii hiyo. Mchapishaji mmoja, aliyekwisha kuukubali mswada wangu wa tafsiri ya hadithi za kuchekesha, aliurudisha kwa mistari miwili: wakati haufai. Fedha haikuniuma sana. Niliwahurumia wahusika wale, waliokwisha kujifunza Kiswahili mikononi mwangu, kisha wasipate wa kuzungumza naye.

Watu hutuliwaza kwa kusema kwamba Sam na Max walirudi. Ni kweli. Mwaka ule ule wa 2004 baadhi ya watu waliotoka LucasArts waliunda kampuni ya Telltale, na Oktoba 2006 mbwa na mwenzake wakaonekana tena, katika mchezo uliotolewa sehemu kwa sehemu kama hadithi ya gazetini. Nafurahi kwa hilo. Lakini uliorudi ni mchezo mwengine. Anayefasiri kitabu upya haifufui tafsiri iliyopotea, huizalia ndugu.

Basi nisemeje juu ya mizaha ile ya kwanza? Sisemi kwamba imekwenda bure, maana mkono ulioiandika ulitoka ofisini pamoja na mwenyewe, na hapana amri iliyoweza kuufungia ndani. Wala sisemi kwamba hakuna kilichopotea. Liko jibu la Max ambalo mtu alilikeshea akilichonga neno kwa neno, na mpaka leo halijamchekesha mchezaji hata mmoja. Hilo ni deni, na aliyelidai hakulipwa.