Nyumba ya Senti Tano

Mwezi huu tutembee pamoja mpaka Pittsburgh, mji wa Marekani katika jimbo la Pennsylvania, mahali kanisa moja lilinialika kwa siku tisa. Mtu aliyekomea Likasi kama mimi hapotei kule. Katika vilima vyake watu walichimba makaa ya mawe, na kando ya mito walipika chuma. Mito miwili, Allegheny na Monongahela, inakutana mjini na kuzaa mto wa tatu, Ohio.

Nililala kwa ndugu mmoja mwenyeji wa Kalemie. Asubuhi watoto wake walikuwa mbele ya televizyo, na kwenye kioo kuliandikwa Nickelodeon. Binti yake wa miaka kumi akaniuliza: "Papa Pasta, ile jina maana yake nini?" Nikajibu kwamba ni jina la chaneli tu. Baba yake akacheka. "Apana, Pasta. Chaneli ilibeba ile jina mu 1979, lakini jina yenyewe ni ya nyumba za sinema za zamani. Ilipata nguvu hapa hapa kwetu. Kesho nitakupeleka."

Alinipeleka Smithfield Street, barabara ya maduka na mabenki. Hapo, tarehe 19 mwezi wa sita mwaka 1905, Harry Davis na John P. Harris walifungua chumba cha viti 96, chenye kitambaa cheupe mbele na piano kando. Walionyesha picha fupi, kama robo saa hivi, na zikiisha wanaanza tena, toka asubuhi mpaka katikati ya usiku. Kuingia kulikuwa senti tano. Ile nyumba haiko tena. Nilisimama katika baridi nikitazama watu wanapita na mifuko yao, wala hakuna aliyegeuza kichwa.

Ndugu yangu akatoa feza mfukoni, akaniwekea mkononi. "Njo hii. Senti tano. Watu wa hapa wanaiita nikeli."

Basi jina limekaa hivi. Nusu ya kwanza ni ile feza. Nusu ya pili, odeoni, ni neno la Kigriki cha kale, maana yake nyumba ya kuimbia. Waliosoma Kifaransa wanajua Odéon ya Paris. Shina lake ni ōdē, wimbo, neno lile lile Mtume Paulo analotumia kwa Waefeso anapotaja nyimbo za rohoni. Nililisoma shuleni kwetu ya Biblia miaka mingi iliyopita, na sikufikiri nitalikuta siku moja kwenye mlango wa sinema!

Lakini vijana wa migodi, sikilizeni hili. Nikeli yenyewe ni neno la wachimbaji. Zamani kule Ujerumani, katika milima ya Saxony, walikuta jiwe linalofanana na mukuba. Walilipika, mukuba haukutoka, na moshi wake uliwagonjesha. Wakasema kuna pepo mdogo anayewadanganya, jina lake Nickel, wakaliita jiwe Kupfernickel, yaani mukuba wa yule pepo. Mwaka 1751 Axel Cronstedt, mtu wa Sweden, alitoa humo chuma kipya, akakiachia jina la pepo. Na ile feza ya senti tano ya Marekani, robo yake tu ni nikeli. Robo tatu ni mukuba! Mwaka 1905 mukuba wetu haukuwa bado umeanza safari yake ya viwanda. Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka uliofuata.

Kabla ya Pittsburgh lile jina lilikuwa limekwisha kutumiwa, Boston kulikuwa jumba la maonyesho lenye kuitwa hivyo. Lakini kutoka Smithfield Street lilikimbia kama moto wa kiangazi. Kufika 1908 wanakadiria nyumba 8,000 katika Marekani. Waliozijaza walikuwa watu wa kazi: Waslovaki, Wapolandi, Waitaliani, wengi bila Kiingereza. Picha hazikuwa na sauti, kwa hiyo hakuna aliyeachwa nyuma kwa ajili ya luga. Mama aliingia na mtoto wake. Teatro kubwa ilikuwa ya matajiri. Jina la hii lilitangaza bei mlangoni, na masikini alijua kwamba yuko ndani ya hesabu. Kisha picha zikawa ndefu, majumba yakawa makubwa na bei ikapanda. Kufika mwaka 1915 hivi jina lilikuwa linakufa, sababu senti tano hazikutosha tena.

Kuna jambo moja ambalo ndugu yangu alinieleza tukiwa tunarudi, nalo lilinichoma. Tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili 1908, usiku wa kuamkia Noeli, meya wa New York, George McClellan, alifunga nyumba hizi zote za mji wake, zaidi ya 500. Alitaja hatari ya moto, na kweli filamu za wakati ule ziliwaka upesi. Lakini wachungaji pia walikuwa wamemlilia, kwa ajili ya giza la ndani na maonyesho ya Siku ya Mungu. Wenye nyumba walikwenda kwa hakimu, wakafungua tena baada ya siku chache.

Nilinyamaza. Nilipokuwa kijana, baba alinipiga kwa sababu ya nyumba ya video. Nilipokuwa mchungaji, nilitia sahihi barua ya kufunga nyumba nyingine, na sikuwa nimeingia humo hata mara moja. Ilifungwa. Vijana wawili waliokuwa wakikaa pale jioni walianza kukaa mahali pabaya zaidi, na mmoja wao nilimzika.

Nilipofika nyumbani nilikuta barua mpya juu ya meza: nyumba ya video karibu na kanisa, falanga 500 kuingia, wazee wanaomba ifungwe. Sijatia sahihi. Sisemi kwamba mle mna mema. Sijui mna nini. Nimewaambia wazee kwamba siku ya tano tutaingia sote, kila mtu na makuta yake, tukae mpaka mwisho, kisha tuzungumze. Mmoja ameuliza kama anaweza kuvaa kofia.