Moyo Uliokataa Kugeuka Tone

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu kuna kakazi kalikonitoa jasho, na leo naungama.

Mteja wangu ana tovuti ya kuwahimiza watu wachange damu. Alitaka moyo mwekundu ugeuke pole pole uwe tone la damu. Nikachora maumbo yote mawili kwa SVG, nikaandika animesheni, nikampelekea. Kumbe moyo ulikuwa unakaa tuli, halafu ghafla, pap! Tone. Aliponiuliza, nikamjibu bila haya kwamba brauza yake ndiyo mbovu.

Usiku huo sikupata usingizi. Nikafungua faili, nikaanza kuhesabu. Moyo ulikuwa na mipindo 4, tone mipindo 2. Katika SVG, kila mpindo ulioandikwa kwa herufi C hubeba namba 6, na kuna 2 za mahali pa kuanzia. Kwa hivyo moyo ulikuwa na namba 26, tone 14. Kompyuta hufanya jambo rahisi tu: huoanisha namba ya huku na mwenzake wa kule. Kama huku ni 10 na kule ni 50, nusu ya safari ni 30. Sasa zile 12 zisizo na wenzao ziende wapi?

Dawa ni kukata kila mpindo wa tone vipande viwili bila kuharibu umbo. Njia hii ni ya Mfaransa Paul de Casteljau, aliyeibuni mwaka 1959 akiwa kwenye kampuni ya magari ya Citroën. Mpindo una nukta 4. Tafuta katikati ya kila mbili zinazofuatana, utapata 3. Rudia, utapata 2. Rudia tena, utapata 1. Hapo ndipo pa kukata.

Nikajaribu. Lo! Umbo likajikunja kama chapati iliyoshindikana. Moyo ulianzia chini, tone lilianzia juu. Nikayaanzisha yote mawili juu, kwenye bonde la moyo na ncha ya tone, yakazunguka upande mmoja. Sasa likateleza kama maji.

Asubuhi nikampigia mteja: brauza yako haina kosa, kosa ni langu. Akacheka. "Nilijua. Nilikuwa nimejaribu kwa brauza tatu."

Haya basi, kabla ya kulaumu brauza ya mtu, hesabu namba zako. Tuonane tena.