Mwenye Nyumba na Lugha ya Mtambo

Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii ilizaliwa kabla ya umeme kuingia majumbani, lakini inawagusa wakazi wa nchi za baridi kama Norwei, ambako nyumba nyingi hupashwa moto kwa pampu ya joto. Mtambo huu ni ndugu wa kiyoyozi cha Mombasa. Kiyoyozi hulitoa joto chumbani na kulitupa nje, ilhali pampu hulichota katika hewa ya nje, hata ikiwa baridi, na kuliingiza ndani. Maadamu joto huhamishwa tu, kizio kimoja cha umeme huweza kuleta vizio vitatu hivi vya joto.

Taabu imo katika amri. Aghalabu mwenye nyumba anayeiamuru pampu kwa simu hupitia kompyuta za kampuni zilizo mbali. Amri hutoka sebuleni, huvuka mipaka, kisha hurejea kwenye ukuta ule ule. Mwezi Aprili 2022, kampuni ya Marekani iitwayo Insteon, iliyouza vifaa vya kuendeshea taa na vyombo vya nyumbani, ilizima kompyuta zake bila kuwaonya wateja. Vifaa vilikuwa vizima na vimelipiwa, ila programu ya simu ikawa bubu.

Tiba yake ni ndogo kama kidole. Tangu 2014 kumekuwapo kidhibiti kiitwacho ESP8266, kilichobuniwa na Espressif ya Shanghai, ambacho hupatikana kwa dola chache na kina uwezo wa kuwasiliana bila waya. Pampu nyingi za Mitsubishi Electric zina soketi ya pini tano iitwayo CN105. Humo mtambo hunena kwa kasi ya biti 2,400 kwa sekunde, na kila ujumbe huanza kwa baiti ile ile, FC, na kukamilika kwa baiti ya kuhakiki. Wapenzi wa elektroniki waliitambua sarufi hiyo kwa kutega sikio: walitoa amri moja moja na kulinganisha majibu, kama mwanaisimu alinganishavyo tungo za lugha ngeni hadi mofimu zikajitenga.

Kidhibiti hakiupokonyi mtambo akili zake. Huomba tu nyuzi 21, na pampu yenyewe huamua kasi ya kompresa na wakati wa kuyeyusha barafu. Hata hivyo, uhuru huu una gharama. Ndani ya kifuniko mna umeme unaoua, dhamana ya kampuni huenda ikabatilika, na hitilafu ikizuka mwenye nyumba ndiye fundi.

Pamoja na hayo, wapenzi wa lugha wana funzo hapa. Risiti huthibitisha kuwa mtambo umenunuliwa. Lakini asiyeijua lugha yake atahitaji mkalimani daima, na siku mkalimani atakapoondoka, atabaki mgeni nyumbani mwake.