Dohani ya Jiko la Mama

Dohani ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ambako dukhan ni moshi. Sura ya 44 ya Kurani ina jina hilo. Wazee wa pwani waliiita meli ya mvuke merikebu ya dohani. Hata hivyo, jikoni mwetu Msambweni neno hili halikuwa na kazi. Mafiga matatu yalitosha, na moshi ulijitafutia njia katika makuti.

Kikohozi cha mama kilipokataa kumwacha, nilipendekeza jiko la udongo lenye bomba la moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 mwaka 2020. Mama alinisikiliza, kisha akauliza: "Na paa je, mwanangu? Moshi ndio unaofukuza wadudu wa makuti." Hoja yake ilikuwa na uzito. Paa lisilofukizwa huliwa mapema, na makuti mapya ni gharama.

Fundi bati kutoka Ukunda naye alitaka bomba lipenye ukutani na kuishia chini ya upenu, kwa kuwa ndiyo njia fupi. Nilimpinga. Hewa ya moto hupanda kwa sababu ni nyepesi kuliko hewa baridi. Bomba refu lililosimama wima huivuta vyema, ilhali bomba la kulala na kila kiwiko huipunguzia kasi. Isitoshe, ukuta ule unaelekea kusini. Upepo wa kusi ungeurudisha moshi ndani. Kutoboa paa nako kulikuwa hatari zaidi, kwani bomba la moto na makuti makavu haviwekwi pamoja.

Tukaafikiana hivi: bomba litoke kwa kiwiko kimoja tu, lipande nje mbali na upenu, lipite kilele cha paa, livikwe kofia ya bati yenye wavu wa kuzuia cheche. Linapopenya ukuta, fito zikatwe na nafasi ijazwe udongo mtupu. Masizi yakung'utwe mara kwa mara, la sivyo wavu utaziba.

Mama alikubali kwa sharti: mara moja kwa mwezi niwashe mafiga mimi, nilifukize paa, yeye akiwa barazani.

Kikohozi cha miaka mingi hakiponywi na bati, hilo nalijua. Lakini ndugu zangu wanafunzi wa Kiswahili, tunaokesha tukisanifu istilahi, tukumbuke kwamba lipo neno la kale ambalo bado linasubiri kufika jikoni.