Bahasha ya Kaki, Kutoka Kilindoni hadi Kibaha

Boti ya Nyamisati hufuata maji kuliko saa. Tulikaa gatini Kilindoni tangu alfajiri tukingoja bahari ijae, mimi nikiwa na bahasha ya kaki niliyoifunga kwa nailoni isilowe. Mafia ndiko nilikozaliwa, na bara nimekwenda mara nyingi kwa harusi, misiba na hospitali. Kwenda kumshitaki mwajiri, hiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza.

Nilikuwa karani wa mapokezi katika hoteli moja ya watalii, jina nalihifadhi. Madaftari ya wageni yalikuwa mawili: la kweli lilifungiwa kabatini, na la pili lilikuwa la wakaguzi, ambamo wageni kumi hugeuka wanne. Kodi ya wale sita ilibaki mfukoni mwa mtu. Nikaandikia mamlaka inayohusika, nikabaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Haukupita muda nikaitwa ofisini na kuambiwa kazi zimepungua, hoteli inapunguza wafanyakazi. Aliyepunguzwa nilikuwa peke yangu.

Ndani ya boti nilikaa na mzee mmoja mwenye kikapu cha nazi. Aliponiuliza niendako nikamweleza. Akanyamaza mpaka kisiwa kikapotea nyuma yetu, kisha akasema, "Mwanangu, tajiri hasemwi." Sikumjibu. Mawimbi yalikuwa yameshaanza kututupa, na watu wakishika vyuma hawana nafasi ya kubishana. Tulipoingia kwenye mikoko ya delta ya Rufiji maji yakatulia, tukashuka Nyamisati, nikapanda gari la Mbagala nikiwa na chumvi usoni.

Shangazi alinipokea Mbagala Rangi Tatu kwa wali na lawama. "Ungenyamaza, leo ungekuwa kazini." Baada ya kula nikamsomea kwenye simu. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinasema si sababu halali kumwachisha mtu kazi kwa kuwa ametoa taarifa ambayo sheria inamruhusu au inamtaka aitoe. Halafu ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, inayomkinga anayepeleka taarifa za uovu kwa mamlaka husika kwa nia njema. Akauliza, "Na wewe ulipeleka kwa mamlaka, au uliwaambia watu gengeni?" Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa safari ile. Kinga ya sheria hii ya pili inafuata taarifa iliyofika panapostahili. Umbea wa kwenye kundi la simu hauna mlinzi. Nikamwonyesha mhuri.

Kesho yake nilishuka Maili Moja, Kibaha, nikauliza hadi nikafika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Nilitarajia kizimba na mawakili wenye majoho. Nilikuta mabenchi, feni, na watu wa aina yangu: dereva, mlinzi, mama wa kiwanda cha nguo, kila mmoja na bahasha yake. Karani akanipa Fomu Namba 1 na swali lake la kwanza likawa tarehe ya kuachishwa kazi. "Dada, una siku 30 tu," akasema. "Zikipita, unaanza kwa kuomba kuongezewa muda, na lazima ueleze ulichelewa kwa sababu gani." Zangu zilikuwa bado. Kufungua shauri hakukunigharimu shilingi. Nauli ndiyo iliyonikausha.

Jambo moja lilinishitua. Nakala ya fomu lazima imfikie mwajiri, na Tume ipate uthibitisho kwamba imemfikia. Nikaiona bahari upya, safari hii nikibisha hodi kwenye geti nililofukuzwa. Karani akacheka: posta, kwa rejista, na risiti inatosha. Nikaenda posta.

Kinachofuata ni usuluhishi. Msuluhishi hamhukumu mtu, anatafuta mwafaka. Ukishindikana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, na hapo ni kazi ya mwajiri kuthibitisha kwamba aliniachisha kwa sababu halali na kwa utaratibu. Nikishinda naweza kurudishwa kazini au kulipwa fidia. Kwa maoni yangu hapo ndipo sheria ilipo na meno: si mimi wa kuthibitisha kwamba nilionewa. Ila meno hayo yako Kibaha, na mwenye kuonewa yuko kisiwani na mshahara umekatwa. Wangapi wamemeza yaliyowapata kwa kukosa nauli ya boti?

Shauri langu bado linaendelea. Wewe uliyefukuzwa baada ya kutoa taarifa, tafuta nakala yako yenye mhuri leo, hesabu siku tangu barua ya kuachishwa, na ufike ofisi ya Tume ya mkoa wako kabla hazijatimia 30.